Kalamu ya Afisa Ustawi

“Nitakupeleka Ustawi!” Mwanamume aliyemtelekeza mtoto anaijua kauli hiyo, na katika mitaa ya Dar es Salaam haihitaji maelezo. Mama aliyechoka kudai pesa ya maziwa hataji mahakama wala polisi; hutaja Ustawi, yaani ofisi ya ustawi wa jamii, tena kwa sauti ambayo majirani wataisikia. Barua ya wito ikitoka, baba huvaa shati safi, na siku ya siku wote wawili hukaa mbele ya meza moja. Aliye upande wa pili wa meza hiyo pengine bado kijana, hajaoa wala hajaolewa, hajawahi kukesha na mtoto mwenye homa. Anafungua faili na kuanza kuwauliza maswali ambayo hata wazazi wao hawakuthubutu kuwauliza.

Msikilizaji, mazungumzo ya leo yanamhusu huyo aliye upande wa pili wa meza: namna anavyolelewa kimaadili kabla ya kukabidhiwa meza, na kama dhamira ya mtu inaweza kupangwa kwenye ratiba ya chuo, kati ya kipindi cha takwimu na kipindi cha saikolojia.

Wengi humdhania kuwa msuluhishi tu, mtu wa kusema “jamani, peaneni mikono”. Sheria inampa zaidi ya hapo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtaja afisa ustawi wa jamii karibu kila inapomgusa mtoto aliye hatarini. Yeye hupokea taarifa na kuzichunguza. Anaweza kwenda na polisi kumtoa mtoto katika nyumba anamoumizwa. Mtoto anapotakiwa kuasiliwa, au kupelekwa kwa mlezi asiye wa damu, familia itakayompokea hupita kwanza machoni pake. Wazazi wanapogombea mtoto mahakamani, hakimu anaweza kumwagiza aandike ripoti ya uchunguzi wa kijamii, na ripoti hiyo huwa na uzito, kwa sababu hakimu mwenyewe hajafika nyumbani kwa watu. Afisa amefika. Ameona kitanda, ameona jiko, ameongea na jirani.

Sasa chukua sentensi mbili. Ya kwanza: “Mama anaishi katika chumba kimoja cha kupanga pamoja na watoto watatu.” Ya pili: “Mama amepanga chumba, watoto wanalala ndani ya chandarua, wanakwenda shule, na majirani wanamsifu.” Ni mama yule yule, chumba kile kile, na hakuna uongo katika sentensi yoyote kati ya hizo mbili. Ikiandikwa ya kwanza, mtoto anaweza kuhamia kwa baba mwenye nyumba ya vyumba vinne na mke mpya. Ikiandikwa ya pili, anaweza kubaki. Chuo hufundisha ripoti iwe na vichwa gani vya habari na itiwe sahihi wapi. Kumfundisha mwanafunzi atambue kilichomfanya aichague sentensi moja na kuiacha nyingine ni kazi ngumu kuliko zote, na mara nyingi ndiyo inayoachwa ijifundishe yenyewe.

Haisemwi kwamba vyuo havina somo la maadili. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1973 na ambayo wakazi wa Kijitonyama wanaifahamu vizuri, imetoa vizazi kadhaa vya maafisa. Jirani zetu walitangulia kidogo: Kenya ilikuwa na chuo cha fani hii Machakos tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Israel, na Makerere nayo iliianza katika muongo huo huo. Kokote utakakokwenda utakuta misingi ya kazi imo kwenye mtaala: utu wa mteja, usiri, kutobagua, haki ya mtu kujiamulia mambo yake. Mwanafunzi huikariri, huijibu kwenye mtihani, na hufaulu. Kasoro ni kwamba hakuna mteja aliyewahi kuja ofisini akiwa na swali la mtihani.

Historia ya kazi hii ina mambo ambayo wanafunzi wangepaswa kuyajua mapema, hata kama hayapendezi. Mwaka 1869 jijini London kilianzishwa chama cha kuratibu misaada ya hisani. Wajumbe wake, wengi wakiwa watu wa tabaka la kati na la juu, walizunguka majumbani kwa maskini wakiwa na swali moja: huyu anastahili kusaidiwa, au hastahili? Mlevi hastahili. Mvivu hastahili. Mjane msafi anayekwenda kanisani anastahili. Mbinu zao za kutembelea nyumba, kuuliza, kuandika na kuweka faili ndizo zilizokuja kuwa ufundi wa taaluma nzima. Mwaka 1917 Mary Richmond wa Marekani alizikusanya na kuzifanyia kazi katika kitabu kinene juu ya namna ya kuchunguza hali ya mteja, na vyuo vikakifuata kwa miaka mingi. Ufundi ulirithiwa, na lile swali la nani anastahili likarithiwa pamoja nao.

Anayedhani swali hilo limezikwa London na aende kwenye dirisha la msamaha katika hospitali yoyote kubwa ya serikali. Tangu mwaka 1993, Tanzania ilipoanza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama za matibabu, umekuwapo mlango wa kupitia asiyeweza kulipa, na mlango huo huwa mikononi mwa ustawi wa jamii. Mgonjwa analetwa, bili imeshafika asikoweza kufika, na ndugu wanatumwa “kwa mtu wa Ustawi”. Hapo afisa anapaswa kupambanua fukara na mjanja. Atatumia nini? Ataangalia barua ya serikali ya mtaa, ambayo mwenyekiti mmoja huitoa asubuhi ile ile na mwingine huichelewesha wiki nzima. Ataangalia simu aliyoshika ndugu wa mgonjwa. Ataangalia mavazi, na hapo ndipo anapoweza kupotea kabisa, maana Mswahili haendi hospitali na nguo ya kushindia. Anavaa ya kutokea. Kama hana, anaazima kwa shoga yake. Mwanamke aliyekuja na gauni la kuazima, mkono wenye hina na sauti ya heshima, anaonekana ana uwezo. Aliyezoea kupiga mizinga amevaa malapulapu, analia kabla hajaulizwa, na msamaha anaupata.

Mwanafunzi aliyepelekwa mazoezini dirishani hapo huona yote hayo katika wiki ya kwanza. Asipokuwa na mtu wa kumuuliza jioni, “Yule wa pili umemkatalia kwa sababu gani hasa?”, ataondoka na kanuni zake mwenyewe: watu wa mkoa fulani ni waongo, wenye wake wawili walijitakia, anayelia sana ameigiza. Atazifuata kanuni hizo kwa miaka thelathini ya ajira, na hakuna atakayezijua kwa sababu hazijaandikwa popote.

Kuna kisa kimoja ambacho kingefaa kuwa somo la kwanza katika kila chuo cha ustawi wa jamii barani Afrika. Mwaka 1932 Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, kilikuwa na profesa mpya wa sosholojia na kazi ya ustawi wa jamii. Alikuwa kijana, mchapakazi, msomi wa saikolojia, na alikuwa na uchungu wa kweli na umaskini. Mwaka huo huo ilitoka ripoti ya tume iliyofadhiliwa na Shirika la Carnegie kuhusu Wazungu maskini wa nchi hiyo, na mwaka 1934 profesa yule alikuwa mstari wa mbele katika mkutano mkubwa wa Kimberley ulioitishwa kutafuta dawa ya umaskini huo. Alisisitiza wataalamu wafunzwe, takwimu zikusanywe, serikali iwe na idara ya ustawi. Jina lake ni Hendrik Verwoerd. Mwaka 1950 akawa waziri wa mambo ya wenyeji, mwaka 1958 akawa waziri mkuu, na ulimwengu ukamjua kuwa msanifu mkuu wa ubaguzi wa rangi.

Ni rahisi kusema Verwoerd hakuwa na maadili. Lakini huruma alikuwa nayo, bidii alikuwa nayo, na utaalamu alikuwa nao pia. Alichokuwa amefanya ni kuchora duara, ndani ya duara akaweka watu wake, na wengine wote akawaacha nje kama tatizo la kupangiwa makazi. Kila alichofundisha kuhusu kumsaidia maskini kilikuwa sahihi ukikisoma bila kuuliza maskini yupi. Hii ndiyo sababu orodha ya misingi mizuri haitoshi. Hata mbaguzi anaweza kuitia sahihi.

Katika nchi hiyo hiyo, jijini Johannesburg, mwaka 1941 kilifunguliwa chuo kingine kilichopewa jina la Jan Hofmeyr, cha kuwafunza Waafrika kazi ya ustawi wa jamii. Kilikuwa kidogo, chini ya mmisionari Mmarekani aitwaye Ray Phillips. Tazama waliopita pale. Joshua Nkomo, aliyekuja kuongoza mapambano ya Zimbabwe. Ellen Kuzwayo, mwandishi na mtetezi wa wanawake. Eduardo Mondlane, aliyesoma hapo kabla ya kufukuzwa Afrika Kusini mwaka 1949, na ambaye Dar es Salaam inamkumbuka kuwa rais wa kwanza wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliyeuawa kwa bomu katika jiji hilo Februari 1969. Na Winnie Madikizela, aliyehitimu mwaka 1955, akaacha nafasi ya kwenda kusoma Marekani ili akafanye kazi katika hospitali ya Baragwanath, akiwa Mwafrika wa kwanza kuajiriwa huko katika ustawi wa jamii wa hospitali. Alisimulia baadaye kwamba utafiti alioufanya katika kitongoji cha Alexandra kuhusu vifo vya watoto wachanga ndio uliomfungua macho: aliona umaskini ule una watu walioutengeneza.

Darasa hilo halikuwafundisha kukaa kimya mbele ya dhuluma, na serikali ya kina Verwoerd ililitambua hilo. Hata hivyo kisa hakiishii pazuri kama ambavyo msimuliaji angependa. Mwaka 1991 mahakama ilimtia Winnie hatiani katika kesi ya utekaji wa vijana, mmoja wao akiwa Stompie Seipei aliyekuwa na miaka 14 na aliyekutwa ameuawa. Binti aliyekuwa akihesabu vifo vya watoto wa Alexandra alihusishwa na nyumba ambamo watoto waliumizwa. Miaka ya mateso ya serikali ya ubaguzi, kufungwa na kufukuziwa mji mdogo wa Brandfort ilipita katikati, na hakuna anayeweza kuipuuza. Wakufunzi wa maadili hawapendi kuutumia mfano huu kwa kuwa hauna upande mmoja. Ndiyo sababu unafaa: mwanafunzi anayeamini kwamba alishapewa maadili pamoja na cheti hana tena sababu ya kujichunguza.

Berlin nayo ina lake. Alice Salomon alifungua chuo cha wanawake cha ustawi wa jamii mwaka 1908, na mwaka 1929 akawa rais wa kwanza wa umoja wa kimataifa wa vyuo vya fani hii. Wanazi walipoingia madarakani walimwondoa kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, na mwaka 1937 wakamfukuza nchini. Lakini mafaili hayakufukuzwa. Sheria ya Julai 1933 iliruhusu watu walioitwa wenye magonjwa ya kurithi wafungwe uzazi kwa nguvu, na watu wapatao 400,000 wakafanyiwa hivyo. Mahakama za kufanya maamuzi hayo zilihitaji habari: nani katika ukoo ni mlevi, nani hakumaliza shule, nyumba ya nani ni chafu. Habari hizo zilikuwapo tayari. Zilikuwa zimeandikwa kwa nia njema na wanawake waliotembelea majumbani miaka ya nyuma, wakiwapelekea watu maziwa na mablanketi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia taaluma ilianza kujiwekea mipaka kwa maandishi. Mwaka 1957 padri Mjesuti Felix Biestek, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Loyola huko Chicago, alitoa kitabu chenye misingi saba ya uhusiano kati ya afisa na mteja, na hadi leo misingi hiyo hufundishwa karibu kila darasa la ustawi wa jamii ulimwenguni. Mwaka 1960 chama cha wataalamu wa Marekani kilipitisha kanuni za maadili ambazo zilitosha kwenye ukurasa mmoja. Leo kanuni hizo ni kijitabu, na zina vifungu kuhusu simu na mitandao. Biestek aliandika akifikiria chumba chenye mlango unaofungwa, mtu mmoja aliyeketi mbele ya mtaalamu mmoja, na maamuzi yanayofanywa na mtu huyo peke yake.

Mlango huo Manzese haupo. Afisa akienda kumtembelea mteja uswahilini, adabu na utaratibu vinamtaka aanzie ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti anampa mjumbe wa kumsindikiza. Mjumbe anabisha hodi kwa sauti, wapangaji sita wanatoa vichwa kwenye milango ya korido, na kabla mgeni hajavuta kigoda mtaa mzima umejua kwamba Ustawi wamekuja kwa mama fulani. Usiri wa kitabuni umekufa langoni. Afisa aliyefunzwa kanuni bila kufunzwa busara atafanya moja kati ya mawili: atamfukuza mjumbe kwa ukali na kumwachia mteja uadui, au atamhoji mama kuhusu ukimwi na vipigo huku mjumbe amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Mwenye uzoefu hufanya lingine. Anakaa, anaongea habari za mvua na bei ya mchele, anamshukuru mjumbe, anamwomba mama afike ofisini siku fulani kwa ajili ya “fomu”, na kuondoka. Ujanja huo mdogo wa kulinda heshima ya mtu hauko katika misingi saba. Unajifunzwa kwa kumwona mkubwa wa kazi akiufanya.

Usiri una adui mwingine siku hizi, naye hana hodi. Msaada ukitolewa, picha inapigwa: mtoto ameshika daftari, bibi kizee ameshika mfuko wa unga, mfadhili anatabasamu, na afisa ustawi amesimama pembeni. Picha inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, kutoka hapo inakwenda isikojulikana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Sheria ya Mtoto inalinda faragha ya mtoto aliye katika shauri. Mwanafunzi anaweza kuzitaja zote mbili kwa namba huku ana picha za wateja kwenye simu yake. Kizazi chake kilikulia kwenye picha. Asipoulizwa na mtu, hataona kosa liko wapi.

Pagumu kuliko pote ni pale msingi wa mteja kujiamulia unapokutana na neno la wazee: “Tutayamaliza kifamilia.” Mtoto wa miaka 13 amebakwa na mjomba au mpangaji. Familia inakaa, fidia inapangwa, kikao kinafunguliwa kwa dua na kufungwa kwa dua. Halafu mama anakuja ofisini na kumwambia afisa kwamba hawataki tena kuendelea na shauri. Mteja ameamua. Jamii imeamua. Amani imerudi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na sehemu kubwa yao walikuwa hawajamwambia mtu yeyote. Huyu mmoja alisema, na sasa watu wazima waliomzunguka wamekubaliana kwamba hakusema.

Sheria haina shaka. Tangu mwaka 1998 kosa hilo lina kifungo kisichopungua miaka 30, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulifuta. Kenya ilifika mbali zaidi: Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 iliondoa uamuzi wa kusimamisha kesi mikononi mwa polisi na familia na kuupeleka kwa mwendesha mashtaka mkuu. Hata hivyo huko Garissa, Wajir na Mandera kikao cha wazee kinachoitwa maslaha bado kinaweza kutangulia kituo cha polisi, na mashirika ya wanawake ya huko yamepigana nacho kwa miaka. Afisa aliyezaliwa katika jamii hiyo anajua vizuri gharama ya kukataa. Shangazi zake watamuuliza kwa nini anavunja ukoo. Mwenye nyumba atamwambia atafute pengine. Msingi wa maadili anaohitaji hapo si wa kukariri: ajue mteja wake ni nani. Ni mtoto. Mama anastahili huruma na msaada wote, lakini hawezi kusamehe kwa niaba ya mwili usio wake.

Hapo pia panafaa tahadhari juu ya gumzo linalopendwa sasa kuhusu utu na ubuntu. Mwaka 2014, mjini Melbourne, vyama vya kimataifa vya taaluma vilikubali tafsiri mpya ya kazi hii, vikaongeza wajibu wa pamoja na maarifa ya asili ya watu wa mahali. Mwaka 2021 siku ya kimataifa ya ustawi wa jamii ilifanywa chini ya kaulimbiu ya ubuntu. Waafrika walidai hayo kwa haki. Wanafunzi wetu wamesoma vya kutosha kuhusu wateja wa Chicago. Kuna hazina katika malezi ya bibi, katika ujirani wa kuombana chumvi, katika kikundi cha kuzikana. Ila vikao vile vinavyomnyamazisha mtoto navyo hujiita utu. Mkufunzi anayeleta ubuntu darasani bila kuleta kisa kama hicho amewapa wanafunzi kitu kizuri cha kusema na amewanyima kitu cha kufanya.

Wakati wa janga la yatima wa ukimwi, Taasisi ya Ustawi wa Jamii ilishirikiana na chuo cha Chicago chenye jina la Jane Addams, mwanamke aliyefungua nyumba ya Hull House mwaka 1889 na kupata Nobel ya amani mwaka 1931. Walifunza wasaidizi wa ustawi vijijini: watu wa kawaida, wanaojitolea, waliopata mafunzo ya muda mfupi na kurudi kijijini kwao. Ilikuwa hatua ya lazima, kwani vijiji vingi havikuwa na afisa yeyote. Iliibua pia jambo ambalo wenye shahada hukwepa kulitazama. Msaidizi anayeishi jirani na yatima anaangaliwa kila siku. Akila mahindi ya mtoto, kijiji kinajua kabla ya jua kuzama. Afisa wa wilaya anayekuja kwa gari anaondoka na faili lake, na hakuna kijiji cha kumwangalia.

Mara nyingine gari lenyewe halipo, na hapo maadili yanakutana na bajeti. Shauri linahitaji afisa afike kijijini. Ofisi haina mafuta. Mlalamikaji, kwa kuwa anataka shauri lake liende, anatoa nauli ya bodaboda. Afisa anapanda. Wakifika, anakaribishwa chakula, na kukataa chakula cha watu ni tusi. Wakati wa kuondoka anafungiwa kuku. Ni lini hasa nauli iligeuka kuwa hongo? Mlalamikiwa, aliyekuwa amesimama kwenye uzio akiangalia, alishatoa jibu lake bodaboda ilipofika. Inashangaza ni mara ngapi mijadala ya maadili inamlaumu afisa kwa kuku na kuisahau halmashauri iliyomtuma bila lita moja ya petroli. Mafunzo mazuri yangemweleza mwanafunzi ukweli huo wote, kisha yampe la kufanya: andika kwenye faili nani alilipa nauli na kiasi gani, ili hakimu naye ajue.

Kazi hiyo ya kumfunza mwanafunzi haiwezekani bila msimamizi. Katika mazoezi ya vitendo mwanafunzi hukabidhiwa kwa afisa wa kituo, na huyo kwa kawaida ana foleni mlangoni, hana posho ya usimamizi, na anafurahi kupata mtu wa kumsaidia kupanga mafaili. Mhadhiri hupita mara moja, hutazama kitabu cha mazoezi, hugonga mhuri. Matokeo yake mwanafunzi hujifunza maadili ya kituo: namna wateja wanavyoitwa wakishatoka, nani anaruhusiwa kupita bila foleni, mzaha gani unachekwa. Chuo kikitaka kuwa na sauti kipeleke fedha na watu huko, hata kama itabidi kupunguza vipindi vya darasani.

Kuna zoezi moja ambalo chuo chochote kinaweza kulianzisha. Mwanafunzi akimaliza kuandika ripoti yake, kabla haijaenda kokote, aisome kwa sauti mbele ya mtu aliyeandikwa ndani yake, msimamizi akiwapo. Sentensi kama “mama ni mkaidi” hazitafika mwisho wa ukurasa. Msomaji atasita mwenyewe, na mama atauliza ni lini alikuwa mkaidi. “Anaishi chumba kimoja” itadai kuongezewa chandarua na shule. Mashauri ya ukatili hayataingia katika utaratibu huo, kwa sababu kumsomea mtuhumiwa maelezo ya mtoto ni kumweka mtoto hatarini, na mwanafunzi anapaswa kuijua tofauti hiyo tangu mwanzo. Kwa mashauri ya matunzo, malezi na msamaha wa hospitali, zoezi hilo linaweza kuanza muhula ujao, na halihitaji mfadhili.